Kistari Kilichorukwa

Walikutana kwenye kaunta ya karakana, asubuhi yenye foleni ndefu na makelele ya mashine. Kijana alikuja amechomekea shati la samawati, viatu vinang'aa kama anakwenda harusini, akaweka shafti juu ya kaunta na kutangaza kipimo chake kila mtu asikie.

"Nani kakupimia?" akauliza fundi mkerezaji, mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani na grisi hadi viwikoni.

"Nimepima mwenyewe. Nauza beringi, dada. Kalipa ya kupimia ninayo."

"Kuwa nayo unayo. Kuisoma ndiyo bado." Akamsogezea kalipa yake machoni. "Hizi ni inchi. Kati ya namba na namba kuna vistari, na kila kistari ni sehemu ishirini na tano kati ya elfu moja za inchi. Wewe umeruka cha mwisho. Hesabu vyote!"

Foleni ikaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na kesho yake akarudi bila shafti yoyote. Karakana nzima ikamwita Beringi, naye akamwita fundi "bosi wangu".

Mapenzi yakanoga, kisha yakaingia mdudu. Beringi, mtu wa kuongea mpaka jirani asikie, akaanza kupokelea simu nje, kwa kunong'ona. Jioni moja, nyumbani kwake, simu yake ililia yuko bafuni, fundi akaipokea.

"Mpenzi, mbona kimya?" ikauliza sauti laini ya kike.

Fundi akakata bila kusubiri neno la pili. Akalitazama koti la Beringi kitini, akaingiza mkono mfukoni. Ndani mlikuwa na pete mpya ya dhahabu. Aliijaribu, ikagoma kwenye kifundo cha kidole. Ya nani, basi, huyo mwenye vidole vyembamba? Akaondoka nayo bila kuaga.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, alivua pete aliyorithi kwa bibi yake na kuitundika msumarini kama kila siku, maana mashine ikidaka pete huondoka na kidole. Beringi alizoea kuichezea pale akimsubiri. Fundi akazipima zote mbili kwa ndani. Mpya: pointi sita sita mbili. Ya bibi: pointi sita nane saba. Tofauti ilikuwa ishirini na tano za elfu, kistari kimoja kamili.

Je, Beringi aliipima hii ya bibi, akaruka kistari tena? Moyo ukamruka, akauzuia. Wanaume waongo huwa na bahati pia.

Beringi akaingia, shati limekunjamana. "Simu hupokei, laazizi. Nimekosa nini?"

Fundi alikuwa ameitanua kalipa ndani ya pete ya bibi. Akampa. "Soma."

Akiisoma sawasawa, basi yupo mwanamke mwingine. Fundi alimtazama midomo ikihesabu kimyakimya.

"Pointi sita... sita... mbili."

"Una hakika?"

"Kabisa! Ndiyo niliyompa sonara..." Akajiziba mdomo.

Fundi hakulegea. "Na huyo anayekuita mpenzi?"

"Dada wa dukani kwa sonara? Yule humwita kila mteja mpenzi, hata baba yangu! Mpigie."

Fundi akachukua simu ya Beringi, akampigia kweli, kwa spika. Sauti ile ile ikaitika: "Mpenzi! Pete imemtosha mchumba?"

Machozi yakamtoka fundi palepale, kwa furaha na kwa aibu. "Haijamtosha, dada," akajibu. "Huyu mteja wako anaruka vistari."

Akatoa pete mpya kwenye aproni, akaifunga taratibu kwenye mashine ili aitanue. Beringi alisimama ameduwaa, kalipa mkononi.

"Mbona umesimama tu?" fundi akasema, kidole kwenye swichi. "Uliza sasa, kabla sijawasha. Ikishawaka sitakusikia."

"Bosi wangu... utakubali nikuoe?"

"Nimekubali. Ila vipimo nasoma mimi."

Akawasha mashine.