Alinifundisha Kusema, Yeye Akanyamaza

Mwezi wa Novemba mwaka 2014 nilimpoteza Bahati, rafiki yangu, kabla sijamaliza kugombana naye.

Najua si maneno mazuri ya kuanzia. Mtu akifa tunataja mema yake, na mimi nitayataja. Lakini nikisema nina huzuni tu, nitakuwa nimewadanganya. Nina hasira... na mtu wa kumkasirikia yuko chini ya udongo wa Nakivale!

Nina miaka ishirini na mitatu. Shule niliishia darasa la sita. Tulitoka Kivu ya Kusini, huko Kongo, nikiwa mtoto, tukapewa kiwanja hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, na tangu hapo nalima mahindi na maharagwe pamoja na mama. Kitu kimoja tu nilikiweza kuliko vijana wengi wa hapa, nacho kitawashangaza: mchezo wa kompyuta, ule wa kupigana risasi.

Msinicheke. Kila mtu hutafuta mahali pa kuonekana kuwa mtu.

Karibu na soko alikuwapo mzee wa kwetu tuliyemwita Papa Safari. Alikuwa na chumba cha mabati chenye kompyuta kuukuu zilizounganishwa kwa waya, na jenereta ikinguruma nje. Mchezo wenyewe ni wa vikundi viwili, watano kwa watano. Kundi moja linalinda nyumba, jingine linaivamia. Ukipigwa umekufa, unabaki kuwatazama wenzako mpaka mzunguko uishe.

Bahati ndiye aliyekuwa kapteni wetu. Alinizidi umri kidogo, na viwanja vyetu vilipakana. Mwanzoni nilicheza kama mwendawazimu, nakimbia huku nafyatua. Yeye alinifundisha kusimama kwanza, ndipo nipige, maana ukikimbia risasi zinatawanyika. Alinifundisha kuweka shabaha pale ambapo kichwa cha adui kitatokea, si chini kwenye udongo. Alinifundisha kusikiliza nyayo kwenye hedifoni kabla ya kupita kona. Nikajifunza... nikajifunza mpaka ikawa hakuna aliyenishinda mtu kwa mtu.

Lakini mchezo ule si wa mtu kwa mtu! Ukimwona adui, lazima uwaambie wenzako mara moja: wako wangapi, wako upande gani. Na mimi, risasi zikianza kulia, mdomo wangu unajifunga. Unajifunga kabisa, kama mlango wenye kufuli.

"Beko fasi gani?" Bahati alikuwa akipiga kelele, akitaka kujua wako wapi. "Uko naona nini? Sema basi!"

Ninawaona. Ninajua ni wawili, ninajua wamejificha nyuma ya ukuta. Sauti haitoki. Nakufa, na baada yangu wanakufa wenzangu kwa adui walewale niliowaona.

"Bubu amekufa tena," alisema Espoir, mmoja wa kundi letu, "na hakuacha hata usia!"

Chumba kizima kilicheka. Hata mimi nilicheka. Ningefanya nini?

Sababu niliijua. Usiku tuliokimbia kijiji, baba alitulaza katikati ya mihogo, akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Alisema neno moja tu: ukisikia risasi, nyamaza. Tulinyamaza, na ndiyo sababu tuko hai. Sasa mtu atawezaje kuniambia kwamba risasi zikilia nipige kelele? Akili yangu ilijua kwamba ni picha tu kwenye kioo. Mdomo haukujua.

Siri hiyo nilimwambia Bahati peke yake. Hakucheka. Alifikiri, akasema, "Sawa. Tulifundisha mukono, sasa tutafundisha mudomo."

Mazoezi yenyewe yalikuwa haya. Tunatembea kutoka kwenye bomba la maji hadi sokoni, na kila ninachokiona nikitangaze kwa sauti, upesi, na upande kilipo. Mama mwenye ndoo, kushoto! Mbuzi wawili, nyuma ya kibanda! Pikipiki, mbele, inakuja!

Mnafikiri watu walinyamaza? Mama mmoja muuza dagaa alinifokea, "Weye mutoto, mimi ni mbuzi ya kuhesabiwa?" Mchungaji wetu alimvuta Bahati pembeni akamuuliza kama niombewe. "Hapana, pasta," Bahati akamjibu, "huyu hana pepo, iko anasoma."

Niliona haya, lakini niliendelea, maana ilisaidia. Kule kwenye mchezo neno likaanza kutoka... moja, mara nyingine mawili. Yalichelewa, lakini yalitoka! Bahati alikuwa ananipiga begani. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Nasema kweli.

Ndipo tukasikia kwamba ukumbi mmoja wa michezo mjini Mbarara unaalika makundi kushindana. Watakuwapo vijana wa mjini, watakuwapo watoto wa askari wa kambi ya jeshi. Sisi wakimbizi nasi tumekubaliwa! Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kukaa kwenye kiti cha mchezaji kule.

"Tutaenda siku ya Mungu, kiisha ibada," Bahati aliniambia. "Unikute kwa Papa Safari."

Jumapili ile nilivaa shati nililolifua na kulipiga pasi ya makaa. Mama alikuwa amenikaangia mandazi ya kutosha watu watano. Nilimkuta Papa Safari anafagia mlangoni. Aliniangalia, akaangalia ule mfuko wa mandazi, akaacha kufagia.

"Mutoto yangu," alisema, "benzako balienda jana."

Nilimwambia haiwezekani, kundi ni watu watano. Akatazama chini. Akasema kiti changu amepewa mtoto wa askari mmoja wa kule Mbarara, na kwamba yeye alidhani najua.

Nilirudi nyumbani na mandazi yangu. Mama akauliza, "Mumerudia tayari?" Nilimnyooshea mfuko. Aliuchukua, akaona umejaa, akaenda kuuweka jikoni.

Waliporudi walikuwa wameshika nafasi ya pili. Espoir ndiye wa kwanza kuniona. Alikuja mbio, akanishika mkono kwa huruma.

"Umepona?"

"Nimepona nini?"

"Si Bahati alisema uko na malaria?"

Jamani! Angeniambia kwamba sifai, ningelia, ningemtukana, kisha ningekubali. Kweli nilikuwa nawaangusha, hata mimi nilijua. Lakini kunitajia siku ya uongo? Kunipa ugonjwa nisiokuwa nao? Yeye, aliyenitembeza njia nzima nikipiga kelele ili nijifunze kusema!

Nilimsubiri aje. Kwetu mkosaji ndiye anayeanza, na mimi nilijiambia sitamrahisishia. Hakuja. Tulikutana bombani, akaniuliza habari za mvua. Kanisani alinipa mkono wa amani huku anatazama dirishani. Kila mara niliona koo lake linapanda na kushuka kama la mtu mwenye neno... kisha anaondoka. Nami nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga kichwani wakati wa kupalilia, makali kama panga. Nikayaweka. Nilidhani kuna wakati.

Siku moja mvua ilinyesha, naye akapanda bodaboda kutoka Rwekubo, mji mdogo ulio jirani na kambi. Iliteleza, ikaingia chini ya lori la mkaa. Dereva wa pikipiki alipona. Bahati hakufika hata zahanati.

Nilichimba kaburi pamoja na wengine. Kwenye kilio, mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema alikuwa kijana wa ukweli, asiyeficha neno. Nilikaa kwenye mkeka nimeuma meno. Kisha mama yake, ambaye amenilisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, akanitazama.

"Mwanangu, weye ndiye rafiki yake. Simama, useme kidogo."

Nilisimama. Nilifungua mdomo, nikaona kwamba neno la kwanza litakalotoka ni lile la hasira, mbele ya mama aliyefiwa. Nikakaa chini. Wamama wakaanza kulia upya, wakisema, ona jinsi alivyompenda! Huzuni imemfunga ulimi! Mama Bahati akanikumbatia.

Nilikubali kukumbatiwa kwa kitu ambacho hakikuwa huzuni. Bado kinaniuma.

Wasomaji wenzangu, nawaomba. Mwenzako akikuangusha, kazini, uwanjani, nyumbani, mwambie usoni pake. Atalia, lakini atajua. Na wewe uliyekosewa, usikae na maneno yako ukingoja mkosaji aje kutubu. Nenda kwake, hata kama ni yeye aliyekosa! Aliye hai unaweza kumkosea adabu na kesho mkapatana. Aliyekufa hajibu chochote. Mnaosema nitasahau, mnajuaje? Nani amewahi kusahau ugomvi ambao haukupiganwa?

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2015 nilikwenda Mbarara kumtafuta yule mtoto wa askari. Anaitwa Opio. Nilimkuta ukumbini mchana, kijana mrefu mwenye fulana ya jeshi ya baba yake. Nilijitambulisha, nikamweleza habari za Bahati na za kiti changu. Alivua kofia, akaniita bwana kwa lugha ya kule.

"Pole sana, sebo. Mimi hapana jua kama hiyo kiti ilikuwa ya mutu."

Nilimuuliza Bahati alimwomba lini acheze nao. Akafikiri. Akasema ni zamani, kabla ya mahindi kuvunwa, Bahati alipokuja mwenyewe kuulizia mashindano.

Kabla ya mahindi kuvunwa... Wakati ule ndio kwanza tulikuwa tunaanza kutembea njia ya bombani! Kumbe kiti kilikuwa kimekwisha kutolewa, naye akaendelea kunifundisha kila jioni. Kwa nini? Alinihurumia? Alitaka nirudi baadaye? Alishindwa kuacha? Nilimuuliza Opio, naye akainua mabega.

"Hiyo mimi hapana jua. Sasa keti. Leo mutu moja hakuja."

Nilikaa. Nilivaa hedifoni. Kundi la Opio lilikuwa linalinda, mimi nikapewa mlango wa nyuma. Risasi zikaanza kulia upande wa pili, nikahisi mdomo wangu unajifunga kama siku zote. Kisha nikawaona wawili wanaingia wameinama.

"Babiri!" nilipiga kelele. "Ku mulango, kushoto, babiri!"

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Sikuwahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo. Opio alikuwa ameegemea kiti, hedifoni yake shingoni.

"Banange, jamani," alisema, "sisi tulisha kufa. Unaambia nani?"

Nilimpiga mmoja. Wa pili akanipiga mimi. Nikavua hedifoni, nikampa Opio mkono, nikatoka kutafuta gari la kwenda Rwekubo.