Ukurasa wa Bimkubwa

Kila siku akitoka shule, Mwanamkuu alitua mkoba wake, akala chochote alichowekewa, kisha akachukua daftari la kamati na kwenda kuwauliza wazee. Kazi hiyo ilimvimbisha kichwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kijijini kwao, kisiwani Juani, hakuna mtoto aliyekuwa na mwandiko kama wake.

Watafiti wa mbali walikuwa wamekuja mara nyingi, wakauliza, wakaondoka na majibu yasirudi tena. Safari hii wanakijiji waliunda kamati, wakaamua kujichunguza wenyewe. Walitaka kujua bibi zao waliutunzaje mwamba wa pweza: upande gani uliachwa bila kuchokolewa pweza wakiatamia mayai, na nani alitoa amri. Kwa majibu hayo wangetunga sheria ndogo ya kijiji. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Mize, hodari wa kuchokoa pweza mashimoni kwa kijiti na shangazi yake Mwanamkuu.

Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa la Bimkubwa, mjane mkongwe aliyeishi nyuma ya minazi ya mwisho. Bibi huyo ukimwuliza jambo moja alianzia kwa babu yake. Jua lilikuwa kali, na wenzake Mwanamkuu walikuwa wakicheza rede uwanjani. Akakaa kivulini, akanakili majibu ya bibi mwingine, akabadilisha maneno mawili matatu, na juu akaandika: Bimkubwa. Kisha akaenda kucheza. Ulikuwa uvivu mtupu, hauna jina jingine.

Kamati ilipoona wazee wote wamesema mamoja, kwamba pweza huatamia kaskazini, ikafunga upande wa kaskazini na kuacha wazi wa kusini. Bamvua lilipofika, maji yakapwa mbali, wanawake wakaenda kuchokoa kusini. Karibu kila shimo lilikuwa na pweza jike juu ya mayai yake. Walipotambua, ndoo zilikuwa zimeshajaa. Bimkubwa naye alikuwa ameshazikwa wiki mbili nyuma.

Kikao kikaitwa. Bi Mize aliusoma ukurasa wa Bimkubwa, akashangaa vipi mtu aliyechokoa mwamba huo miaka hamsini asiutaje upande wa kusini. Haruni, mtoto wa marehemu, akajibu taratibu.

"Mama hakuulizwa. Alisikia mtoto wa daftari anapita, akatandika mkeka barazani siku tatu. Siku ya nne akaniambia niukunje."

Mwanamkuu alitamani ardhi immeze. Akasimama, akasema yote bila kujitetea.

Kamati iliamua kufunga mwamba mzima. Kila bamvua wanawake wangekagua wenyewe mashimo yenye mayai, na Mwanamkuu angefuatana nao kuandika. Haruni alikumbuka jiwe moja tu ambalo mama yake hakulivuka pweza wakiatamia. Mengine marehemu alikwenda nayo.

Watu walipotawanyika, Mwanamkuu alimwomba shangazi yake radhi.

"Nimekusamehe," alisema Bi Mize. "Lakini wageni wakikosea tunasema hawatujui. Wewe je, mwanangu? Ungeuacha ukurasa mtupu tungeuona, tukamtuma mwingine. Usipokwenda, sema hukwenda. Ukweli huo mdogo ungetuokoa."

Mwanamkuu akafungua ukurasa mpya. Akaandika jina la Bimkubwa kwa mwandiko wake mzuri, na chini yake akaandika: Hakuulizwa.