Regina na Mashine ya Mto

Kila siku akitoka shule, Regina alikuwa akimfungia baba yake ugali na mlenda, kisha anakimbia nao ofisini kwake. Mwaka ule wa 1984, Kilosa nzima ilikuwa na habari moja tu: mashine ya Makarius, baba yake! Kisanduku kidogo tu, jamani, lakini kilisoma kina cha Mto Mkondoa kwa waya, na maji yakizidi, kengele inalia ili watu wahame mapema.

Jumamosi ilikuwa siku ya kufuta vumbi. Baba alishamfundisha Regina kuchomoa chipu ya kumbukumbu, kipande cheusi chenye miguu kama jongoo kinachotunza maagizo ya mashine, kuipangusa na kuirudisha. Basi Jumamosi moja, baba akiwa mtoni, chipu ikamponyoka, akaikanyaga. Miguu ikakatika! Kwenye droo kulikuwa na ya akiba, yenye maagizo yaleyale.

"Mbona zinafanana kama mapacha," alijisemea. Akaichomeka. Iliyovunjika akaificha ndani ya soksi.

Jumatatu mchana, jua linawaka, kengele ikalia. Watu wakatoka mbio na magodoro, kuku na watoto, wakapanda tuta la reli. Kumbe mto uko chini kabisa! Bibi Mwamvua, jirani yao, aliteleza kwenye kokoto akavunjika mkono. Jumatano ikalia tena. Hakutoka mtu.

"Ndugu Makarius, mashine yako imekunywa nini leo?" vijana walimzomea njiani.

Mkuu wa ofisi, Bwana Lupakisyo, hakucheka. "Jumatatu ijayo mashine inarudi Dar es Salaam, na wewe kazi hii basi. Mvua ikija kweli, nani atakimbia akisikia kengele?"

Baba alifungua na kufunga skrubu mpaka vidole vikachubuka. "Labda mimi ndiye sikusoma vizuri," alisema kwa sauti ndogo. Regina hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Akimwona Bibi Mwamvua barazani, mkono umefungwa kwa vipande vya mianzi, alipita njia nyingine.

Jumapili baada ya misa, alimkuta baba ameinamia mashine, macho mekundu. Akaweka soksi mezani.

"Baba, ni mimi."

Makarius aliitoa chipu ndani ya soksi, akaiweka kando ya ile iliyo mashinini. Kisha akachukua lenzi, akasoma namba ndogo zilizoandikwa mgongoni mwa chipu zote mbili.

"Uliyoivunja inajibu upesi. Hii ya akiba ni ya zamani, inachelewa kidogo," alisema. "Akili ya mashine ni prosesa. Saa yake inapiga mara milioni nne kila sekunde. Prosesa inaiuliza chipu, mapigo kadhaa yakipita inachukua jibu. Mwalimu akiita majina, rafiki yako Telele huitikaje?"

"Polepole, baba. Mwalimu asipomsubiri, anamwandika mtoro."

"Na kumbe yumo darasani! Ndiyo haya. Prosesa inachukua jibu kabla halijafika, inaokota takataka."

"Sasa tufanyeje?"

"Tunaiambia isubiri pigo moja zaidi."

Akahamisha kipande kidogo cha waya. Akashusha boya la kupimia ndani ya pipa la maji: namba za kina kwenye kisanduku zikatulia. Akaliinua: kengele ikalia. Akalishusha: ikanyamaza.

"Imepona, baba!" Regina aliruka.

Baba hakuruka. "Mashine imepona. Mkono wa bibi bado."

Kesho yake Bwana Lupakisyo alijaribu boya mara tatu. "Haya, ibaki," alisema. "Lakini watu hawaiamini tena. Mtapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza."

Njiani Makarius alimshika mwanawe bega. "Mashine ilikosa kwa kutosubiri. Wewe umekosa kwa kusubiri siku nane. Ungeniambia Jumamosi ileile, ningehamisha waya, na bibi angekuwa anasuka mikeka yake. Ukikosea, mwanangu, sema palepale. Kosa ukilificha, linamwumiza asiyehusika."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Mwamvua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona siku hizi hunipitii?"

Machozi yalimlenga Regina. Lakini safari hii hakusubiri.

"Bibi," alisema, "mkono wako nimeuvunja mimi."