Hereni ya Kushoto

"Vua hereni hizo, mama."

Mke wa mwenyekiti wa soko alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, kama anapima kama nafaa kujibiwa.

"Umesemaje?"

"Nimesema vua. Hizo ni za marehemu mke wangu."

Soko likapoa. Muuza ndoo akaacha kugonga ndoo zake. Fundi viatu, jirani yangu, akabaki na uzi mdomoni. Mimi nilikuwa nimesimama na koleo mkononi, kwa hasira, si kwa woga. Wakubwa nilishaacha kuwaogopa. Mke wangu alifia kwenye benchi la hospitali kwa sababu ufunguo wa chumba cha damu ulikuwa mfukoni mwa bosi, na bosi alikuwa mkutanoni. Tangu siku hiyo mtu mwenye kiti cha kuzunguka simsalimii mpaka aanze yeye.

"Fundi Koleo, leo umeamka na akili zako zote?" Yule mama akazigusa hereni taratibu. "Hizi ni mali yangu. Nimeletewa zawadi."

"Na nani?"

Akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Muulize mchumba wako. Si mnaoana Jumamosi? Na ukimaliza hilo, muulize alikuwa anafuata nini ofisini kwa mume wangu."

Akaondoka zake, hereni zinacheza.

Niwaeleze hizo hereni, mjue kwa nini damu ilinichemka. Mimi na marehemu tulikuwa tunakaa uso kwa uso kwenye meza moja, tunakunja mapambo ya waya wa shaba. Mimi natumia mkono wa kulia, yeye wa kushoto. Hereni zetu zilikuwa za mkunjo wa konokono. Ya kulia nakunja mimi, ya kushoto anakunja yeye, basi konokono wetu wawili wanatazamana, kila mmoja kaelekea shavuni. Mkono mmoja ukikunja zote mbili, mmoja atatazama shavu na mwingine atatazama kisogo.

Alipofariki nilijaribu kukunja ya kushoto. Konokono alitoka kama amekanyagwa. Nikaacha. Mteja akiulizia hereni namwambia, "Sitengenezi," namsogezea bangili. Zile za kushoto alizoacha mwenzangu nilizitia kwenye kopo la maziwa, nikalifunga kwa waya, nikaliweka juu ya kabati. Sasa leo mke wa mwenyekiti kavaa jozi inayotazamana! Ya kushoto imetoka wapi kama si kwenye kopo langu? Na ukiacha mimi, ufunguo wa chumba changu alikuwa nao mtu mmoja tu.

Mtu huyo meza yake ilikuwa ng'ambo ya njia, mbele yangu kabisa: zipu, nyuzi, lastiki na vifungo vya kila rangi. Watu walimwita Mama Vifungo, ingawa hakujaliwa mtoto. Mkononi alivaa bangili ya waya niliyomkunjia, pacha wa hii niliyovaa mimi.

"Umempa mke wa mwenyekiti hereni za marehemu?"

Alikuwa anamchagulia mteja zipu. Hakuinua hata kichwa.

"Na wewe habari za asubuhi, Fundi."

"Nijibu!"

"Punguza sauti. Masikio yangu hayana kutu."

"Ulimpelekea hereni, au hukumpelekea?"

Akaweka zipu chini. Vidole vyake vilikuwa na plasta, kama ilivyokuwa kwa wiki kadhaa. Nikimuuliza alikuwa ananiambia ni sindano.

"Nilimpelekea," akasema.

Watu wakaguna. Mteja wa zipu akasogea pembeni kidogo, ila hakuondoka. Nani aondoke hapo?

"Na ofisini kwa mumewe ulikuwa unafuata nini?"

"Mambo yako."

"Mambo yangu yanafuatwa mlango ukiwa umefungwa?"

"Rudia hapo, Fundi. Sijasikia vizuri."

"Yule bwana anajulikana. Wakubwa wote ndivyo walivyo, mwanamke haingii mle akatoka bure. Umewapa hereni za marehemu, na Mungu ndiye anajua umewapa na nini kingine!"

Fundi viatu akatema uzi wake.

"Koleo! Hilo neno limeze kabla halijafika chini!"

Lilishafika. Nililiona likimfikia usoni. Hakulia. Bora angelia.

"Kopo lako umelitazama?" akaniuliza, sauti ya chini kabisa.

"Sina haja. Nimeona hereni kwa macho yangu."

"Sawa. Nimeelewa." Akavua bangili, akaja mpaka mezani kwangu, akaiweka juu ya waya zangu polepole kama anayeweka yai. "Mwizi haolewi. Na hilo jingine ulilonipa, nalo haliolewi. Jumamosi vaa suti yako ukanywe chai."

Akafunga meza yake saa hiyo hiyo, asubuhi ile, wateja wakimwangalia. Haikupita muda simu yangu ikatetemeka.

*"Usinipigie. Usimtume mtu. Ufunguo wako nimemwachia fundi viatu."*

Nikakaa. Fundi viatu akanirushia ufunguo, hakunisemesha. Mtu aliyenisemesha alikuwa askari wa soko, kijana mmoja mpole anayetumwa kufanya ubaya wa wengine.

"Mzee wangu, shikamoo. Nimetumwa. Meza yako inahamia kule nyuma, karibu na vyoo. Leo."

"Si niliwaambia? Wakubwa hawa! Nimegusa hereni za mkewe, mchana huu huu ananihamishia chooni!"

"Mzee, usinipigie kelele mimi. Hiyo amri ni ya zamani. Nafasi hii alishaahidiwa muuza simu." Akatazama huku na huku. "Ilikuwa inasogezwa mbele kwa sababu ya yule mama wa vifungo. Kila ilipokaribia anakuja ofisini kukuombea. Anasimama pale kwenye kizingiti, mlango wazi, hata kiti hapewi. Juzi akapata akili, akamletea mke wa bosi zawadi ili amlainishe mumewe. Ikakubali. Sasa leo na wewe ukaamka na lako."

"Mlango wazi?"

"Mimi ndiye ninayekaa pale mlangoni, mzee. Nani amekwambia ulifungwa?"

Hakuna aliyeniambia. Niliufunga mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Nikaacha meza hapo hapo waibebe wanavyotaka, nikaenda nyumbani mbio. Kopo lilikuwa juu ya kabati. Sikuhitaji hata kulifungua. Vumbi lilikuwa limelala juu yake kama blanketi, na fundo la waya lilikuwa lile lile, mizunguko yangu mwenyewe, imekazwa kwa koleo langu lenye pengo. Alama ya lile pengo ilikuwa kwenye waya vile vile. Nikalikata. Hereni za kushoto za marehemu zilikuwemo, na kila moja niliifahamu kama sura ya mtu.

Hakuna iliyopungua.

Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikaandika: *"Kopo nimeliona. Nisamehe."*

Jibu likaja: *"Umeliona baada ya kunivua nguo sokoni."*

Jioni nikaenda kwa kaka yake, mwashi, ndiko alikokuwa anakaa. Nilimkuta kaka mtu mlangoni anakwangua saruji kwenye mwiko wake. Mwili wake ulikuwa unaujaza mlango wote.

"Hodi, shemeji."

"Hodi ya nini? Nyumba hii ina wezi. Utaibiwa koleo."

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi inaombwa mahali ulipokosea. Mimi hapa sikukuona ukikosea." Akaendelea kukwangua. "Na hilo la shemeji liweke mfukoni kwanza."

"Nisimame nje hapa hapa. Aniambie jambo moja tu. Ile hereni ya kushoto nani kaikunja?"

Sauti ikatoka ndani, nyuma ya pazia.

"Muulize ya kulia nani kaikunja."

Ya kulia sikuitazama kabisa.

"Muulize, kaka! Si macho yake ndiyo yaliyoona kila kitu?"

Pazia likafunuliwa. Alikuwa amevaa khanga ya nyumbani, macho mekundu, kidevu juu.

"Ya kulia ni yako, Fundi. Unakaa pale, mteja hayupo, mawazo yamekwenda mbali, mkono wako unakunja hereni za kulia peke yake. Halafu unazitupa kwenye boksi la mabaki chini ya meza. Hata hujijui kama unafanya. Mimi nakuona kila siku kutoka ng'ambo. Nikawa naokota."

"Na ya kushoto?"

Akainua mikono. Plasta alikuwa ameshazibandua. Vidole vilikuwa vimechanwachanwa, vingine vimepona, vingine bado.

"Sindano gani inachana hivi? Ni waya wako huu. Nilitaka siku ya harusi nikuwekee jozi mezani, ucheke mara moja kabla hujafa. Iliyotoka vizuri ilikuwa moja tu. Nikasikia wanakuhamisha, nikaona bora iokoe meza. Nikampelekea yule mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanyaje? Ungesimama katikati ya soko, 'Wakubwa! Wakubwa!', mpaka wakutoe na meza na kivuli chake." Akaishusha mikono. "Marehemu aliponzwa na ufunguo wa bosi. Hilo najua, na namlilia kama dada yangu. Lakini leo asubuhi, mimi, hakuna bosi aliyenigusa. Ni wewe."

Kaka mtu aliacha kukwangua. Mimi nilitafuta pa kuweka mikono yangu nikapakosa.

"Rudi, nakuomba," nikasema. "Tutakaa meza moja. Mimi nitakunja za kulia, wewe utakunja..."

"Koma hapo! Unajisikia? Radhi hujaimaliza, umeshanikalisha kwenye kiti cha marehemu. Ile moja niliikunja kwa mapenzi, sikuomba kazi yake. Unataka mke, Fundi, au unataka mkono?"

"Nataka mke."

"Basi ya kushoto kaikunje mwenyewe. Jumamosi asubuhi nitakuwa sokoni nahamisha vitu vyangu. Ukiwa na neno, utalisemea pale pale ulipolisemea lile jingine. Usiku mwema."

Pazia likashuka. Kaka mtu akanitazama, akatikisa kichwa.

"Nenda kafanye kazi, mzee. Hapa hakuna kitu cha kuegemea."

Nikafanya kazi. Meza yangu mpya ilikuwa inapata upepo wote wa vyoo, ila nilikuwa sina pua wala masikio. Nilipasha waya motoni ulainike, nikafunga mkono wa kulia kwa kitambaa usije ukaingilia, nikashika koleo kwa kushoto. Waya ukaruka. Nikashika tena. Ukanichoma, ukanikwaruza, ukakatika. Fundi viatu akawa anakuja kukagua kama daktari wa zamu.

"Huyu siyo konokono, Koleo. Huyu ni mnyoo."

"Ondoka."

"Na huyu ana nundu. Konokono mwenye nundu umemwona wapi?"

Sikujua vidole vya Mama Vifungo vilikuwa vinauma namna ile, tena akiniambia ni sindano huku anacheka.

Jumamosi nikavaa suti. Nilimkuta Mama Vifungo anapakia vifungo kwenye mifuko, kaka yake pembeni na mkokoteni. Watu walishajaa, maana soko halina siri. Na mke wa mwenyekiti alikuwepo, na hereni zake masikioni, amekuja kunitazama nikianguka.

Nikasimama kwenye njia, mahali pale pale.

"Jamani," nikasema. Nikavua kofia. "Jamani, nilimwita huyu mama mwizi. Hakuiba. Nikamwambia na neno jingine, mlilisikia, sitalirudia. Ni uongo. Niliutunga mimi, hapa hapa, kwa kinywa changu. Yeye alikuwa ananiombea mahali pa kukaa."

Nikanyoosha mkono na hereni mbili juu yake.

Mama Vifungo akachukua ya kulia, akaiweka kando. Hiyo haikuwa na shida. Akachukua ya kushoto, akaigeuza juani. Mkunjo ulibonyea upande mmoja, mzunguko wa ndani ulikwenda kombo, na mwisho wa waya ulichomoza kama mwiba. Lakini ulielekea shavuni.

"Huyu konokono kapatwa na nini?"

"Amekanyagwa."

"Na nani?"

Soko zima likanigeukia. Walikuwa wanalijua jibu langu. Miaka yote hiyo, mvua ikivuja, waya ukipanda bei, mbwa akibweka, jibu langu lilikuwa moja tu: wakubwa. Niliona hata mke wa mwenyekiti anajiandaa kulipokea.

"Na mimi," nikasema.

Fundi viatu alianza kucheka peke yake, kisha muuza ndoo, kisha wote. Mama Vifungo hakucheka. Alitoa hereni alizokuwa amevaa, akatia zangu, moja baada ya nyingine, na ile ya mwiba ikamchoma akakunja uso. Akanyoosha mkono.

"Bangili yangu iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni. Ilikuwa mfukoni siku zote zile.

"Kaka," akasema, "teremsha mifuko. Harusi saa ngapi, Fundi, au na saa umewaachia wakubwa?"

Ofisi ya ndoa ilituweka kwenye benchi mpaka mchana. Mfungishaji alikuwa mkutanoni. Nilifungua mdomo, bi harusi akanikanyaga mguu, nikaufunga. Alipofika, bwana mkubwa huyo alivaa miwani, akamwangalia mke wangu kulia na kushoto.

"Bi harusi, mbona hereni zako hazifanani?"

"Zinatazamana, mheshimiwa," akamjibu. "Inatosha. Tupe kalamu."

Meza yangu mpaka leo iko karibu na vyoo. Hilo ni la mwenyekiti, na simsamehe. Ila mteja akiulizia hereni, namsogezea kiti akae.