Mgomba Uliozikwa Kimwani

Jua lilikuwa linazama Gaudiosa alipofika mwaloni, ufukweni mwa ziwa, kuulizia boti ya Bumbire. Safari alikuwa ameshaipanga: boti ya abiria mpaka Bumbire, kisha mtumbwi wa injini hadi Kerebe, mahali alipozama kaka yake Audax msimu wa senene uliopita. Huko Protase angepiga mbizi usiku.

Protase alikuwa kijana wa Izimbya aliyefanya kazi miaka sita Mafia na Unguja, akiwavusha watalii kisiwa hadi kisiwa na kuzamia nao gizani kuwatazama taa, wale samaki wapana kama mkeka. Alisema usiku upepo hutulia na tochi humulika vizuri. Gaudiosa hakuwa na haja na samaki. Alitaka kumrudisha kaka yake nyumbani, basi.

Nyumbani Kimwani walikuwa wamezika mgomba. Ukoo wao hufanya hivyo ziwa likikataa kumtoa mtu: hukata mgomba wa kimo chake, huuvika lubugo, ile nguo ya magome, na kuuzika kibanjani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba. Sharti ni moja. Usiku wa kuamkia maziko, mgomba usiachwe bila mtu macho.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya Gaudiosa. Alikuwa amelia siku tisa, maskini, akasinzia. Kidogo tu.

Alipozinduka, sakafu ilikuwa imelowa na chumba kinanuka ziwa. Akapiga deki haraka, akanyamaza. Asubuhi wabebaji walilalamika mzigo ni mzito mno. Tata, yaani baba yake, mzee Lwakatare, akawaambia mgomba ni maji matupu, wabebe tu. Usiku wa siku tatu zilizofuata walisikia vishindo kibanjani.

Du... du... du...

Tata akasema ni mikungu inaanguka. Wakafunga madirisha, wakasali.

Sasa, Kerebe, Gaudiosa alikaa mtumbwini akitazama mwanga wa tochi ukishuka chini ya maji. Ukawa mdogo. Ukapotea. Ziwa lilikuwa kimya kabisa, na kulinuka utomvu wa ndizi, huko mbali na shamba lolote.

Kisha Protase akaibuka, akang'ang'ania ukingo wa mtumbwi.

"Dada, tuondoke."

"Umemwona?"

"Hakuna mtu huko. Kuna mgomba umefungwa lubugo. Mbichi... unatoa utomvu kama umekatwa leo."

Akafungua kiganja. Rozari ya shanga za buluu, msalaba umefungwa kwa waya. Gaudiosa aliijua. Aliiweka mwenyewe ndani ya lubugo, kwa mkono wake, jioni ile kabla ya maziko.

Walipofika ufukweni mtandao ukashika, akampigia baba yake. Akamweleza yote, hata ule usingizi alioficha miezi saba. Mzee hakumkaripia.

"Tata," Gaudiosa akasema, "ile mikungu... iliyoanguka usiku ule..."

"Hakuna mkungu ulioanguka, waitu. Nilikwenda kutazama kila asubuhi." Sauti ya mzee ilikuwa imepasuka. "Vishindo vilitoka kaburini. Nikaogopa kufukua. Mwanangu mwenyewe, nikamwogopa."

Gaudiosa aliikaza rozari mkononi, na maji yakaendelea kudondoka kutoka humo.

"Siku ya nne," mzee alinong'ona, "akanyamaza."