Anayemtaka Amchukue

Meza ya chai ilikuwa na vikombe vitatu, na waliokaa mezani walikuwa watu wazima wawili tu.

Mwalimu wa chekechea aliliona hilo, akaendelea kukoroga chai yake. Nyumba ya mtu ina taratibu zake. Yeye alikuja mji ule kwa mafunzo, na hotelini hakuthubutu kwenda, kwa sababu ya mwanawe mchanga. Mtoto huyo bibi yake alimpachika jina la Kipaza, maana akilia, mtaa mzima unapata habari. Ndipo mwalimu akapanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyelaza wageni nyumbani kwake na kuwaandalia kifungua kinywa. Wageni wote walimwita Shangazi.

Kikombe cha tatu kilikuwa na maziwa ya moto, na hakuna aliyekigusa.

Kipaza alikuwa analia tangu jana. Mama yake alimwimbia, akambeba mgongoni, akamchezea kijiko, wapi! Mwishowe akamwinua juu kama anayemnadi, akasema utani ambao wazazi waliochoka huusema kila siku.

"Jamani, anayemtaka huyu amchukue!"

"Ahsante," sauti ya kike ikaitika kutoka kwenye korido.

Kipaza akanyamaza papo hapo.

Kisu cha siagi kilimponyoka Shangazi. "Mwanangu, umesema nini?" alinong'ona.

"Si utani tu, Shangazi? Kwani nani yuko huko?"

"Mtu hayupo. Yupo yeye. Nilimkuta humu nilipohamia. Namwekea maziwa yake, naye ananiachia wageni wangu. Anatamani mtoto miaka yote hii, ila haibi. Huchukua alichopewa. Nawe umempa."

Mwalimu alitaka kucheka, lakini Kipaza hakuwa akimtazama yeye, alikuwa akitazama nyuma ya bega lake na kumchekea mtu aliyesimama pale karibu kabisa, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikamjia shingoni na joto lake kama pumzi, kisha akausikia wimbo uleule aliouimba usiku kucha ukiimbwa polepole kwa sauti yake mwenyewe, na kadiri ulivyoimbwa ndivyo mtoto alivyozidi kuwa mwepesi mikononi, mwepesi, mwepesi, hadi ikambidi aangalie chini kuhakikisha kwamba bado amempakata.

"Mdai mwanao!" Shangazi alimsihi. "Kwa kinywa kilekile kilichomtoa! Upesi, kabla hajasinzia!"

"Ni wangu!" mwalimu alilia. "Akipiga kelele ni wangu, akinyamaza ni wangu! Nilikuwa natania, nisamehe, nirudishie mwanangu!"

Kikombe cha maziwa kikapasuka. Kipaza akaangua kilio cha kutoboa masikio, na mama yake akalia naye kwa furaha.

Shangazi aliwasindikiza hadi mlangoni. "Achana na mafunzo, nenda kwako. Na baba yake umwonye. Mtoto ni wa wawili, na yule hakati tamaa hata mkiwa mbali."

Angemweleza kwenye simu, mumewe angecheka. Mwalimu akaona heri amwambie ana kwa ana. Safari nzima Kipaza alilia, abiria wakasonya, na kila aliposonywa alimbusu mwanawe kwa shukrani.

Jioni mumewe alifungua mlango kabla hawajabisha. "Nimewasikia tangu mnakata kona!" alicheka, akampokea mtoto.

"Baba Kipaza, nisikilize kwanza, nina neno..."

"Neno litasikika wapi na kelele hizi?" Akamwinua mwanawe juu. "Jamani, anayemtaka huyu..."

Mwalimu aliruka akamziba mdomo kwa kiganja. Neno la mwisho lilimpenya katikati ya vidole.

Nyumba ikawa kimya. Jikoni, ambako hakukuwa na mtu wala moto, kulitoka harufu ya maziwa yaliyoungua.

"Ahsante," ikasema sauti, na safari hii ilikuwa sauti ya mwalimu mwenyewe.

Mumewe hakugeuka. Alikuwa akimtazama Kipaza, uso umemsawajika.

"Mama Kipaza," alisema taratibu, "mbona amekuwa mwepesi hivi?"