Nyeusi Yangu, Nyeupe Yake

Yule binti mwenye fulana nyeusi alikuwa na maneno, na alijua. Jumamosi asubuhi, duka la vifaa vya umeme limefurika, watoto wanawavuta mama zao mikono, naye amesimama nyuma ya kaunta yake, kucha zimepakwa rangi ya damu ya mzee, anaipigia debe mashine yake nyeusi ya gemu. Ndipo meneja alipomleta kijana mrefu, fulana nyeupe imepigwa pasi ikakakamaa, akamweka kwenye kaunta ya mbele yake, uso kwa uso, na mashine nyeupe ya kampuni pinzani.

"Hujambo, jirani," kijana akasema.

"Sijambo. Na usinizoee."

Wapi! Alimzoea, akazoeleka. Mchana kutwa walirushiana maneno wateja wakicheka.

"Nyeusi ina picha kali, unaona mpaka jasho la mchezaji!"

"Nyeupe haina kelele, na inacheza diski zenu za zamani!"

"Za zamani kapeleke makumbusho!"

Wiki haikuisha, jioni wakawa wanatoka kwa mlango wa nyuma, wameshikana mikono. Meneja alikuwa amepiga marufuku: wauzaji wa mashine hizi mbili wasisifiane hata bidhaa, sembuse kupendana. Na zito zaidi, mwisho wa mwezi kaunta yenye mauzo madogo ingefungwa, muuzaji wake aende zake.

"Nikikushinda je?" binti alimuuliza.

"Nitakuja kununua kwako, roho yangu."

"Utapanga foleni kama wenzako."

Akamshinda kweli. Meneja alimwita ofisini, akampongeza, kisha akacheka kwa dharau. "Mshukuru jirani yako. Ameonekana akikuletea wateja. Kesho ndiyo siku yake ya mwisho."

Binti akawaka. Alipiga simu hata kabla hajatoka nje.

"Kwa hiyo ulikuwa unanihurumia?"

"Mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Sisikilizi! Nimesimama pale mpaka miguu ikavimba, najua nimeshinda kwa jasho langu, kumbe wewe unanirushia wateja kama unalisha kuku! Nani alikwambia siwezi?"

"Hakuna. Waliotaka picha kali niliwaambia waende kwako. Ndio ukweli wenyewe."

"Ukweli gani wa kukufukuzisha kazi? Nikome!"

Akakata simu, akaizima kabisa. Alilia kwa hasira, na kwa kumpenda, na kwa kujichukia kuwa bado anampenda.

Kesho yake hawakusalimiana. Kijana alikuwa akifuta vumbi mashine yake polepole, macho mekundu. Akaingia mama mmoja, mtu mzima, kilemba safi, mkononi mfuko wa diski kuukuu.

"Mwanangu," alimwambia binti, "mume wangu amestaafu, na mashine yake imekufa. Nipe nzuri, acheze hizi zake."

Meneja alikuwa pembeni, mikono mfukoni, masikio wazi. Binti akafungua mdomo aisifu Nyeusi kama kawaida yake. Lakini Nyeusi isingesoma hata diski moja kati ya zile. Angeweza kumuuzia tu. Mama wa watu asingejua mpaka afike nyumbani, mzee amekaa mbele ya kioo cha runinga kisichoonyesha kitu. Ulimi ukagoma.

"Mama, hii haikufai," akasema. "Nenda kwa yule kaka. Ya kwake itazicheza zote."

Maneno yalipomtoka, ndipo alipoelewa. Hakuwa amemhurumia mtu. Alikuwa amesema kweli, basi. Na jirani yake, mwezi mzima, hakufanya zaidi ya hapo. Je, yeye mwenyewe aliwauzia wangapi kitu kisichowafaa, ili tu ashinde? Aibu ilimshika hadi masikioni.

Meneja akaja juu. "Wewe! Unauza bidhaa ya nani?"

"Namsaidia mteja."

"Rudi kwenye kaunta yako, au utoke pamoja na huyo mwenzako!"

"Basi natoka naye. Lakini mama huyu atahudumiwa kwanza."

Duka zima likageuka. Binti akavuka ujia mwembamba uliotenganisha kaunta zao, kichwa juu, akaanza kuifunga Nyeupe kwenye boksi, mikono yake ikigongana na ya kijana.

"Jirani," kijana akanong'ona, "umejifukuzisha kazi."

"Kazi zipo. Nisamehe, nilikutukana bure."

"Yameisha, mpenzi."

"Hayajaisha." Akapaza sauti. "Bosi! Ulikataza tusisifiane, si ndiyo? Sikia basi. Mashine yake ni nzuri, na yangu ni nzuri, inategemea anayecheza ni nani. Na huyu ni mchumba wangu."

Kijana akakodoa macho. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Una pingamizi?"

Kijana akavua beji yake kifuani, akaiweka juu ya kaunta mbele ya meneja.

"Sina," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Hata chembe."